Jina Langu Kwenye Skrini ya Fundi

Jamani, leo nimemgombeza mtu mzima kwa kosa langu mwenyewe.

Papa Divine ni fundi seremala wa Gisozi. Mashine yake ya kukata mbao inaendeshwa na kompyuta ya Linux. Jana nilimwekea programu mpya kutoka kwenye diski yangu ya nje, maana intaneti ya pale inasuasua.

Asubuhi akanipigia: kompyuta imegoma kuwaka. Na milango ya mteja inachukuliwa saa nane mchana!

Nikadandia pikipiki. Nafika, skrini nyeusi, maandishi matupu.

Moja kwa moja nikalilaumu vumbi la mbao. "Papa Divine, si nilikuambia uifunike?" Tena mbele ya mafundi wenzake wote.

Nikafungua kompyuta, nikapuliza, nikawasha. Wapi! Mara tatu.

Yeye anasoma skrini. Kisha akasema kwa upole, "Madamu, mbona jina yako iko hapa?"

Nikasogea. ZAINABU.

Ndilo jina nililoipa diski yangu. Jana niliiandika kwenye orodha ya vitu vya kufunguliwa kompyuta inapowaka, nikasahau kuiondoa. Kumbe muda wote kompyuta ilikuwa inaisubiri diski iliyomo mkobani, begani kwangu!

Nikafuta mstari huo mmoja. Ikawaka. Mashine ikanguruma, na mimi nikapumua. Saa tano tu, milango itawahi!

Nimemwomba radhi mbele ya mafundi walewale. Nichekeni tu, nimestahili.

Papa Divine akapangusa skrini kwa kiganja, akaniuliza:

"Sasa vumbi yangu umeisamehe?"