Siku Nilipopanda Mlima kwa Suruali ya Yona

Mnanicheka kabla sijaanza. Basi chekeni, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka najifunika kanga usoni ingawa niko peke yangu chumbani. Mimi nimezeeka, lakini aibu ile haijazeeka hata kidogo. Huko kwetu upande wa Zuzu kuna watu ambao jina langu la Damari wamekwisha kulisahau, lakini ukiwauliza yule mama wa suruali anakaa wapi wanakuleta mpaka mlangoni.

Ilikuwa zama za Mwingereza, mwaka ule askari wa Keya, jeshi lake la Waafrika, walipoanza kurudi kutoka vitani Burma, na mume wangu Yona alikuwa miongoni mwao. Baada ya harusi tulikaa pamoja miezi mitano tu (mitano, na mmoja katika hiyo mimi nilikuwa na malaria), akachukuliwa, nami nikabaki kwa mama yake miaka mitatu na barua mbili. Mimi nimelelewa misheni, Mvumi, nilijua kushona na kusoma na kuimba sauti ya pili, mambo ambayo mama mkwe wangu hakuona yanasaidia nini kwenye shamba la uwele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiniangalia tu kama mbuzi aliyechaguliwa na mtu mwingine, na akinituma maji ananituma kwa kuelekeza kidevu kwenye mtungi.

Yona aliacha sanduku, na ndani yake suruali ya kaki, shati na kofia ya pama. Kila mwezi nilivitoa nikavianika, na kabla ya kuvirudisha nilizika pua kwenye kola ya shati, na kila mwezi harufu yake ilipungua, ikawa inabaki ya sabuni na ya mende. Hilo lilinitisha kuliko barua kutokuja. Nilimkumbuka mpaka nikaanza kusahau sura yake, sijui kama mmewahi kupatwa na jambo hilo, unafumba macho unaona masikio, unaona mikono, uso huuoni.

Wiki moja kabla ya Pasaka akapita askari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Mvumi, akasema alimwacha Yona kambini Dar es Salaam anangoja karatasi zake, na kwamba angekuja na gari la moshi wiki ya Pasaka. Siku gani? Hakujua. Nikamwomba mama mkwe ruhusa niwe nakwenda stesheni kila asubuhi. Akaniambia, "Mke wa mtu hasimami stesheni kama mzigo usio na mwenyewe." Sikwenda, ila yeye mwenyewe siku zile nilimwona anafagia uwanja mara tatu kwa siku, na uwanja ulikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Sasa mlima. Magharibi ya kijiji chetu kuna kilima cha mawe, njia yake kali, mahali pengine unapanda kwa mikono na magoti, lakini ukifika juu kuna jiwe moja pana unakaa na kuona nchi yote, reli inavyotoka Dodoma mpaka Zuzu, na moshi wa gari unauona muda mrefu kabla gari lenyewe halijafika. Jumatatu ya Pasaka kilima kile kilikuwa kama soko. Kwaya yetu ya kanisa ilipanda kila mwaka kuimba juu ya jiwe, Wahindi wenye maduka mjini walikuja na familia zao na vyakula, makarani wa boma walikuja na viatu vyao vya kung'aa wakashuka navyo vimekwanguka. Nikafikiri: nitapanda alfajiri, peke yangu, nitaona moshi, nitaona kama kuna mtu anashuka Zuzu, na kabla kwaya haijafika nitakuwa nimekwisha kushuka. Mwalimu wa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa anatuongoza kwenye kwaya, nikampelekea habari kwamba nina homa (Mungu anisamehe, ilikuwa sikukuu ya Ufufuko).

Kisha nikafanya lile jambo dogo lililoniponza. Mwaka uliotangulia gauni langu lilinasa kwenye mwiba katikati ya mawe, na wanaume wote wa sauti ya nne wakaona kile nilichopaswa kumwonyesha Yona tu. Kwa hiyo nikasema nitavaa suruali yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka kitu chake kiwe mwilini mwangu siku ambayo huenda angekuja. Nikavaa suruali, nikaifunga kwa kamba, nikavaa shati, nikaficha nywele ndani ya kofia, nikachukua fimbo ya kupandia, nikatoka kabla ya jua, nikaelekea magharibi.

Wenzangu mliozaliwa Ugogo naona mmekwisha kushika vinywa. Ngojeni niwaeleze hawa wengine. Mwaka ule mvua ilikatika katikati, uwele ukasimama kiunoni ukaanza kunyauka, na watu walikuwa wanatazama mbingu kuliko walivyokuwa wanatazamana. Na kwa Wagogo mvua ikikatika namna hiyo, kazi ya kurekebisha ni ya wanawake. Wanavaa nguo za waume zao, wanashika fimbo, wanaimba nyimbo ambazo siwezi kuziimba hapa na tumbo limejaa chai, na wanaupeleka mkosi upande wa machweo wakautupe mpakani. Mwanamume hatakiwi kuonekana njiani siku hiyo, akionekana anafukuzwa, la sivyo mkosi unarudi naye nyumbani. Misheni ilikuwa imekataza. Kumbe wanawake wa kijiji kizima walikuwa wanangoja tu mmoja wao athubutu kuanza, na kila mmoja anaogopa kutengwa na kanisa. Mimi msichana wa Mvumi habari hizo nilizisikia kwa mbali, kama unavyosikia habari za mikoa mingine.

Bibi Sechelela, jirani yetu, ndiye aliyeniona wa kwanza, anatoka kisimani. Akasimama. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," hakuitika, akatua mtungi chini polepole, akapiga kigelegele ambacho mpaka leo kiko masikioni mwangu. Nilidhani ananicheka, nikaongeza mwendo. Nikageuka nikamwona ameingia ndani, nikageuka mara ya pili ametoka amevaa koti la mwanawe na ameshika fimbo. Nyuma yake wawili. Kufika mwisho wa kijiji walikuwa ishirini, wenye makoti, wenye mashuka ya waume zao, mmoja na koti la mvua la reli, na milango ya nyumba inafungwa mmoja baada ya mwingine, wanaume wanajificha ndani. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa niwaambie jamani, mimi nakwenda kuangalia gari la moshi tu. Mama mkwe akatokea. Amevaa shuka na kofia ya marehemu baba mkwe, kofia ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Akaja mpaka mbele yangu akanishika bega. "Mwanangu," akasema, "sikujua una moyo huu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Niambieni nyinyi, mngesema nini? Nikafunga kinywa, nikageuka, nikaendelea kutembea, na wao wakaimba.

Nami nilikuwa naelekea kilimani, kwa hiyo wakaja kilimani. Mpaka wenyewe ni korongo lililo upande wa pili, wangeweza kuzunguka chini, lakini kiongozi akipanda mawe nao wanapanda, na vikongwe wale walipanda wananipita mimi mwenye suruali, wakivutana kwa fimbo na kuimba maneno yaliyonifanya nipande nimeinamisha kichwa. Tulichelewa sana. Na juu, kwa njia ya upande wa pili, kwaya ilikuwa imekwisha kufika.

Walikuwa kwenye ubeti wa pili tulipochomoza. Mwalimu wa kanisa amenyanyua mikono, amefumba macho, sauti ya nne ikaanza kupungua nyuma yake, kwa sababu wale wanaume ni Wagogo, hawakuhitaji kuelezwa, mmoja baada ya mwingine aliteremka mawe bila kuaga. Mwalimu akafumbua macho kuuliza sauti ya nne imekwenda wapi. Akaniona. Akaniangalia suruali, akaniangalia kofia, akasema, "Damari, si una homa?" Kabla sijajibu Bibi Sechelela akamwinulia fimbo, na mtu yule ambaye kila Jumapili alitufundisha kwamba mambo hayo hayana nguvu alishuka kwa makalio mpaka nusu ya kilima, kiatu kimoja kikabaki. Mwenye duka mmoja wa Kihindi naye akafukuzwa, kikombe cha chai mkononi. Mke wake hakuondoka. Akamuuliza Bibi Sechelela tunatafuta nini, akaambiwa mvua, akafungua kikapu akatugawia bajia.

Wakacheza juu ya jiwe. Mimi, kiongozi, nikawapa mgongo nikaangalia mashariki, maana aibu ilikuwa imekwisha kunipata yote, sikuona sababu ya kukosa na moshi pia. Nikauona. Uzi mwembamba, mbali, upande wa Dodoma. Mwanamke mmoja akaniona ninavyokaza macho akapiga kelele kwamba naona wingu, wakaanza vigelegele, na kweli kwa muda mfupi watu wazima waliokulia kando ya reli wakashangilia moshi wa gari la moshi.

Mama mkwe hakushangilia. Akasimama kando yangu, akauangalia ule moshi, akaniangalia mimi, akaiangalia suruali toka kiunoni mpaka chini. Nikajua amejua. Nikangoja anitie aibu mbele ya wote.

"Ndilo gari la leo?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndilo, mama."

"Atakuwemo?"

Nikasema sijui. Tukakaa tunaangalia. Aliushika mkono wangu akaukaza, na hapo ndipo niliposadiki kwamba miaka ile mitatu tulikuwa wawili tunaongoja katika nyumba moja bila kuambizana. Gari likasimama Zuzu, likaondoka. Kwa umbali ule mtu huwezi kumtambua. Kisha akasema twende, kazi ikianzwa inamalizwa, na tukashuka na kundi kuelekea korongoni.

Chini ya kilima njia yetu inakutana na njia ya stesheni. Tukiwa pale akatokea mwanamume mmoja, koti refu la kijeshi, mfuko begani, amekonda. Nilimtambua kwa namna anavyosimama, mguu mmoja mbele. Naye ni Mgogo, alijua anaona nini, akarudi hatua moja, macho yakapita kwenye kundi lote mpaka yakafika kwenye suruali yake mwenyewe, yakapanda taratibu kuelekea kofia, akafungua kinywa.

Jamani, nilitaka kukimbia nimwangukie. Mama yake akanipita. Akasimama katikati ya njia akainua fimbo juu ya mwana wake wa pekee, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Kimbia, mwanangu," akasema. "Kimbia."

Na Yona aliyetoka Burma akageuka akakimbia kuelekea kijijini, mfuko unamgonga mgongoni. Miaka mitatu nilikuwa naomba niuone uso wake, nikaonyeshwa kisogo.

Sisi tukaenda upande mwingine. Mwendo wa saa moja mpaka korongoni, na kila hatua ilikuwa inaniondoa kwake, ninajua yuko nyumbani, amekaa kwenye kigoda chake, anakunywa maji ya mtungini niliyoyateka mimi, nami naimba nyimbo chafu nikielekea machweo. Sijawahi kumtamani mtu kama nilivyomtamani saa ile. Mama mkwe hakuniachia mkono njia nzima. Tukautupa mkosi, tukarudi.

Nilimkuta amekaa ndani, mlango umefungwa kama wanaume wote. Sasa uso nikauona. Nilikuwa nimeandaa maneno ya miaka mitatu, mengine nimeyatoa kwenye Zaburi, na kilichonitoka ni, "Nitaifua." Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sijui kilitangulia kipi.

"Usiifue," akasema.

Kanisani nikatengwa miezi mitatu, sehemu kwa ajili ya suruali na sehemu kwa ajili ya homa. Mvua ilinyesha siku ya nne, nyepesi, uwele wa mabondeni ukapona na wa juu ukafa, kwa hiyo Bibi Sechelela alisema ni sisi na mwalimu akasema ni sala, na mimi nikaacha wabishane. Nikaapa mbele ya Yona kwamba sitavaa tena nguo ya mwanamume, iwe mlimani, iwe wapi, na kwamba nikitaka kumpokea mtu nitasimama stesheni kama mzigo.

Kiapo hicho nimekivunja mara moja. Suruali bado iko sandukuni, Yona aliacha kuivaa alipoanza kunenepa, na mimi niliendelea kuianika kila mwezi kwa mazoea. Wiki tuliyomzika, wageni walipoondoka, niliitoa nikaivaa, nikakaa kitandani mpaka adhuhuri. Lakini safari hii nilifunga mlango kwanza.