Mama alivyonichagulia gari kama ng'ombe

Leo mama yangu amenichagulia gari, na hajui hata klachi iko wapi!

Muuzaji, mzee mwenye duka huko Kericho, alisema tuje saa nne. Mama akanitoa nyumbani asubuhi na mapema.

"Ukienda kununua ng'ombe saa ile mwenyewe anataka, utapata hajakamuliwa tangu jana ndio kiwele kijae."

Mimi nikacheka.

Tukafika. Ile gari ya kung'aa niliyokuwa nimeitaka, wanaume wanne wanaisukuma ndio iwake! Mzee anatoka jasho na baridi yote hii.

Kando, mke wake alikuwa anapakia maziwa kwa kigari kizee chenye matope. Akavuta choki, akageuza ufunguo. Kikawaka papo hapo.

"Hiyo inakunywa petroli sana?" mama akamuuliza.

"Inalamba tu."

"Hiyo haiuzwi!" mzee akaruka.

"Ni yangu, na inauzwa," mke akasema. "Kesho wewe utapeleka maziwa na hiyo yako."

Jameni, nimekinunua hicho kigari na kukiendesha mpaka nyumbani Kimulot, milima yote, bila kusukumwa!

Sasa mniombee. Jumapili tumealikwa kwa kina mchumba wangu.

Mama anasema twende Jumamosi.