Vipimo vya Kasha la Kompyuta

Mama Pindo, ambaye tangu ashike sindano hajawahi kushindwa na nguo, alisimama kwenye kaunta ya duka la kompyuta ameduwaa kama kuku aliyenyeshewa. Mbele yake zilipangwa mbao za kijani na nyeusi, kila moja na vijumba vyake na mifereji yake. Zote ni mazabodi, aliambiwa, ule ubao unaochomekwa viungo vyote vya kompyuta. Zote mazabodi, na hakuna mbili zilizofanana!

Hakutumwa. Binti yake, mchora mitindo, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo cha mji mwingine. Akiwa na kompyuta ya mezani yenye nguvu, angechorea nyumbani. Asipokuwa nayo, ahamie huko. Kasha lilikuwapo, na prosesa, ile inayofikiri kwa niaba ya wenzake, ilikuwapo. Ilibaki mazabodi tu, na kila jioni binti alirudi mikono mitupu: "Haijapatikana, mama."

Mjane mwenye mtoto mmoja hangoji. Mama Pindo aliona anakaribia kumpoteza mwanawe kwa ajili ya ubao. Akatwaa futikamba yake, akalipima kasha urefu, upana na kina, akatoka.

"Nipe itakayoingia humu," alisema, akiinyoosha futikamba juu ya kaunta.

Muuzaji aling'ata mdomo asicheke. "Mama, kuingia si shida. Prosesa yako ni ya aina gani?"

"Ya mraba. Inang'aa."

"Zote za mraba, mama yangu. Kila moja ina kikalio chake. Ukikosea, haikai."

"Ikibana si utaipanua kidogo?"

"Haipanuliwi!"

"Basi ipunguze hiyo prosesa."

"Mama!"

Nguo ikibana unaiachia, ikipwaya unaibana. Kitu gani hiki kisichokubali mkono wa fundi?

"Kwani kompyuta ni ya nani?" muuzaji aliuliza.

"Ya binti yangu. Anachora nguo."

"Yule dada wa miwani, anayecheka peke yake? Mbona yake nimemwekea zamani! Kaichagua mwenyewe, kailipia, haji kuichukua. Nikimpigia, ananiambia kesho."

Akatoa boksi chini ya kaunta. Mama Pindo alilipokea kwa mikono miwili, asijue ashukuru au alitupe. Njia nzima alikuwa akijiuliza. Ubao upo, mwana anasema haupo. Muuzaji hana sababu ya kudanganya. Basi mwongo ni nani, na anadanganyia nini?

Binti alikuwa anasugua sufuria. Alipoliona boksi mezani, mkono ulisimama.

"Umelitoa wapi, mama?"

"Lilikokuwa linakusubiri."

Binti alijifuta povu kwenye kanga. "Nataka kwenda, mama. Kule kuna mafundi wa kunifundisha. Nikaona nikisema kompyuta imeshindikana, hutaumia."

"Mficha uchi hazai. Ungesema."

"Ungenikubalia?"

"Nisingekukubalia. Lakini ungesema!"

Binti alicheka, kisha akalia, na Mama Pindo hakujua ashike lipi. Akavuta kiti. "Haya, nioneshe hicho kikalio."

Binti aliuweka ubao mezani, akaishika prosesa kwa ncha za vidole. Mama alinyoosha kidole gumba kuikandamiza, kama anavyokandamiza pindo.

"Usisukume, mama. Ikiwa ndiyo yenyewe, inakaa."

Na kweli, ikakaa, wala haikulia. Mama Pindo aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa haelewi bado, ila mkono aliuondoa.

Asubuhi binti aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama alikuwa ameinamia kitambaa kizito cha buluu, amekitia sponji ndani na mikanda miwili ya kubebea.

"Unashona nini?"

"Mfuko wa kasha lako. Utasafiri nalo, sitaki ukaazime vya watu."

"Hujalipima."

"Nilishalipima," alisema, akakata uzi kwa meno. "Ila niambie, mwanangu, maana nimeligeuza mpaka nimechoka: juu yake ni wapi?"