Kitana Kilichonuka Kafuri

Chekeni tu, maana pale Ilongero walishanicheka wote, na nusura hata jogoo acheke.

Mnanijua kwa maswali (chuoni nilimdai mhadhiri ushahidi wa somo lake mwenyewe), basi nilipoanza kujitolea kwenye jumba letu dogo la makumbusho nilikwenda na mdomo huo huo. Bi Rehana, mwenye duka la vitambaa Singida mjini, alituazima kitana cha kuchomeka nyweleni cha marehemu mama yake, plastiki ya zamani kabisa iliyotengenezwa ifanane na gamba la kobe, tukionyeshe siku ya ufunguzi kisha kirudi akivae mjukuu wake harusini. Dada Neema, msimamizi wetu, akaniambia nikiweke mahali penye ubaridi, kipate hewa.

"Plastiki inapumua, dada? Mfuko wa rambo ukiuzika leo, kitukuu wako ataufukua mzima."

"Haya, profesa. Plastiki za mwanzo si rambo. Zinatoa mvuke, na mvuke huo huo unazila."

"Ushahidi?"

Akaondoka zake. Mimi, kwa kuogopa vumbi, nikakitia kwenye kopo la kioo, kifuniko nikakizungushia seloteipu, nikaliweka rafu ya juu kabisa, chini ya bati, likakaa huko tangu mvua zilipokatika.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikaa meza kuu, na chini ya meza amefungwa jogoo wa kumzawadia (kwetu mgeni haondoki mikono mitupu). Nikalifungua kopo kwa mbwembwe, ikatoka harufu ya kafuri (kumbe plastiki hizo za mwanzo zilitiwa kafuri), kali, ina uchachu wa siki ndani yake, na kafuri mnajua tunainusa wapi, kwenye sanda. Mzee wa mbele akasema "Innalillahi," mama mmoja akajifunika kanga, huko nyuma wakaanza kuulizana nani kafa.

"Hakuna msiba!" nikasema kwenye maiki. "Ni harufu ya ukale."

Na kitana nilikuwa nakiona kinatoka jasho. Mwenye akili angefunika.

"Kijana wangu, kizima hicho?" Bi Rehana akauliza.

"Bibi, plastiki haiozi," nikamjibu, na ili aamini nikakigonga mezani, mara moja tu jamani, tena kidogo. Meno yakamwagika chini kama alizeti, nikapiga magoti kuyaokota, kumbe jogoo kashaniwahi, anadonoa, nikamkamata shingo, akaruka, kamba ikavuta mguu wa meza, meza ikainama, maji yote yakaenda kwenye suti ya mgeni rasmi.

"Huyu ndiye msomi?" mtu akauliza.

Bi Rehana alipokea kilichobaki, mgongo wa kitana, akakiangalia sana. "Alikivaa siku aliyoolewa," akasema taratibu. Halafu akamgeukia mgeni rasmi. "Mheshimiwa, ukimchinja huyo, firigisi unirudishie. Meno ya kitana cha mama yangu yamo humo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sasa kile kipande Bi Rehana kanikabidhi, nakitunza mwenyewe, kwenye boksi la karatasi lenye matundu, na sirudii kumwambia mtu kwamba kitu fulani hakiozi kabla sijakinusa. Mjukuu alivaa maua kichwani. Harusini nilialikwa (Bi Rehana ana moyo), nikajificha nyuma kabisa, na sahani yangu ya pilau ilipoletwa, juu yake ilikuwa na firigisi. Nikatazama upande wa kina mama, Bi Rehana ananiangalia, hacheki.

Nikaila yote. Swali sikuuliza.