Wanane Niliowaacha Nje ya Sensa

Mwaka ule wa sensa, karani wa kijiji chetu nilikuwa mimi. Tuko upande wa Homa Bay, si mbali na mpaka wa Migori. Nilipewa koti la rangi kali na kishikwambi, nikajiona serikali nzima.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza mwanamke anao wangapi, atasema wapo, Mungu anawatunza. Kumtaja mtoto kwa idadi ni kukifungulia kifo mlango. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, lakini kishikwambi hakipokei jibu la “wapo”.

Nyumbani kwa mama yangu, usiku wa sensa, walikuwa wamelala wajukuu kumi na wawili.

“Andika wanne,” aliniambia, akiendelea kupepeta mtama.

“Mama, wote si walilala hapa?”

“Nyathina, mwanangu, unataka tumzike nani?”

Nikaandika wanne. Jirani akasema watatu, nikaandika watatu, huku watoto wake wengine wakinichungulia kutoka jikoni. Nilijiambia kwamba hiyo ni heshima. Ulikuwa uoga, na kijiji kizima kilipungua mikononi mwangu.

Miaka ikapita, ikaja rasimu ya mipaka mipya ya wadi. Ramani ilibandikwa nje ya ofisi ya chifu. Wadi yetu, ilisema, ina watu wachache mno, kwa hiyo ivunjwe na kijiji chetu kitupwe kwa wadi ya ng'ambo ya mto. Zahanati yetu ilikuwa inajengewa chumba cha kujifungulia, kuta zimefika madirishani. Wale wa ng'ambo wana hospitali yao; nani angejisumbua kutumalizia yetu? Mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mara iliyotangulia alijifungulia kando ya barabara, mto umefurika, na mtoto hakuishi.

Maoni ya wananchi yalichukuliwa Rangwe, ndani ya ukumbi wa kanisa. Nilikwenda na Mama, nikiwa nimeapa kukiri mbele ya watu wote. Zamu yetu ilipofika nilibaki nimekaa. Mama akanitazama, akasimama yeye.

“Kwangu iko wajukuu kumi na mbili,” alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Hii msichana yangu aliandika nne. Mimi ndio nilimwambia. Sasa sikieni.”

Akaanza kuwataja kwa majina, akikunja kidole kwa kila mmoja. Wanawake wa kwetu walijifunika nyuso. Mmoja alimsihi anyamaze. Mama hakunyamaza mpaka alipomaliza wote.

Afisa wa mipaka alisubiri kwa adabu.

“Asante, Mama. Tumeandika maoni yako. Lakini idadi tunayotumia ni ile ya sensa.”

Basi. Akaita anayefuata.

Tulirudi nyumbani. Watoto walikuwa wanacheza uani, na mdogo wangu amekaa kizingitini, tumbo mbele, miguu imevimba. Alituangalia nyuso zetu, akaelewa. Mama aliwaita wajukuu, akawashika vipaji vya nyuso kama anayetafuta homa. Kisha akanigeukia.

“Nimewahesabu mbele ya watu,” alisema. “Na chumba hatupati. Sasa huyu dada yako nimpeleke wapi?”

Mvua za masika zilikuwa zimebakiza wiki tatu.