Mama Agripina, aliyefungua msimu wa kupanda akiwa Guangzhou

Mkulima mzee akifa, wengi wetu hufanya kosa moja. Tunaandika kwamba alikuwa mtu wa mila, mpole, asiyependa mabadiliko. Tunamsifu kama tunavyousifu mlango wa zamani.

Mama Agripina amefariki jana, kwao kwenye uwanda wa Ismani, Iringa. Habari imenifika asubuhi. Akili imekubali, moyo umegoma.

Kwa hiyo nawaomba mnisikilize kabla hamjaandika "mpole" hapo chini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nanunua nguo za jumla Zhanqian Road. Siku moja nikasikia mtu anagomba kwa Kiswahili mapokezi ya gesti yetu: "Chai gani haina sukari? Mgonjwa nani hapa?"

Alikuwa yeye. Kitenge kiunoni, sweta la shule la mjukuu wake mabegani. Pembeni alisimama Mzee Yonasi, jirani yake wa shamba, ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko kanisani.

Wakulima wenzao waliwatuma kununua mashine za kupukuchua mahindi. Nikajitambulisha kuwa Baba Zuhura, nikauliza kwa nini wametumwa wazee. Akanitazama juu mpaka chini.

"Baba Zuhura, ukinunua mashine ya kazi yangu utamtuma nani? Mcheza mpira?"

Sasa niwaeleze jambo. Kitongojini kwao hakuna aliyepanda kabla mzee wa kitongoji, yaani mkulima mwenye umri mkubwa kuliko wote, hajafukia mbegu za kwanza. Mzee huyo alikuwa Yonasi.

Msidhani ni ushirikina. Ismani ni kukavu, mvua zake ni chache na hudanganya. Akipanda mmoja kwa pupa, wote humfuata, na mbegu zinaungulia ardhini. Mzee ndiye aliyekuwa breki.

Kosa lao ni kwamba breki yenyewe waliipandisha ndege! Walihesabu kuwa atarudi kabla ya mvua. Hawakumhesabu laoban, mwenye kiwanda, ambaye kila asubuhi alituambia "mingtian". Kesho. Deadline ya oda ikapita, na kesho yake haikufika.

Kisha ikaja siku ya kupiga simu nyumbani. Tulikuwa kwenye kiduka cha kupigia simu, kando ya barabara, wapagazi wanatupita na marobota. Upande wa pili alikuwa Sabina, mkwe wa Mama Agripina, ambaye walipatana asubiri simu dukani Iringa mjini. Alikuwa anapiga kelele hata mimi nikamsikia.

"Mama, mvua imeshuka wiki nzima! Udongo umelowa mpaka chini. Watu wamekaa na mbegu ndani."

"Wanangoja nini?"

"Wanamngoja Mzee Yonasi."

Mama Agripina akaziba simu kwa kiganja. "Mzee, unangojwa."

"Nitafika."

"Utafika mvua imeshaondoka. Mwakani tutatafuna mashine?"

Mzee Yonasi akatazama chini. "Mbegu hufukiwa kwenye udongo, mama. Hapa ni saruji tupu."

Karibu na kiduka palikuwa na kijibustani cha maua. Mama Agripina akakionesha kwa kidevu, halafu akatoa mkobani konzi ya mahindi ya kukaanga, chakula chake cha safari.

"Hayo yamekaangwa!" Mzee Yonasi aliruka. "Hayaoti!"

"Nani kakwambia yaote? Kazi yako ni kufukia."

Mimi nilicheka. Mzee Yonasi hakucheka. Hakuwa amekosa msimu hata mmoja tangu apewe kazi ile.

"Watasema nimegeuka mchekeshaji," akasema taratibu.

"Na watoto wakilala njaa, watasema umegeuka nani?"

Akavua kofia. Akapiga magoti, akachimba kwa kidole, akafukia.

Hapo mlinzi akatujia mbio na filimbi yake: "Bu xing! Bu xing!" Hairuhusiwi. Mama Agripina akasimama katikati, waya wa simu umevutika mpaka mwisho.

"Ngoja kidogo, baba. Watu wanapanda." Kisha kwenye simu: "Sabina! Mzee amefukia. Udongo ni udongo. Waambie waingie shambani sasa hivi!"

Waliingia.

Waliporudi na mashine zao, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Wazee wachache walinung'unika kwamba mila imechezewa. Mzee Yonasi aliwajibu kwa kifupi: "Nimefukia mwenyewe, kwa mkono huu." Vitongoji vya jirani vilivyochelewa mwaka ule vilivuna mabua.

Miaka ilipita, Mzee Yonasi akatutoka. Sasa Mama Agripina ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Wanaume wakasema msimu haujawahi kufunguliwa na mwanamke.

"Basi mngojeni mwanamume," akawajibu. Akafukia mbegu zake, akarudi ndani kunywa chai. Kufika mchana, uwanda wote ulikuwa umeinama unapanda.

Huyo ndiye mnayetaka kumwita mpole asiyependa mabadiliko? Aliielewa mila kuliko waliokuwa wakiilinda. Alijua ilitengenezwa ili watu wale, na ilipoanza kuwazuia wasile, aliikunja mpaka ikatosha.

Na hakuwa peke yake. Wazee wa aina yake wamejaa kwenye nyanda zetu. Wanabishana, wanapima, wanabadili mambo kila msimu, nasi tuliokaa mijini tunawapiga picha na kuandika "maisha ya zamani".

Mama, nimekataa kukuandikia hivyo. Asiyependa ajibu hapa hapa, nipo.

Nenda, mama yangu. Lala vile unavyotaka wewe, si vile tunavyokupangia.

Nanyi mnaosoma: leo mtafute mzee mmoja anayelima, mwulize kwa nini kazi yake anaifanya hivyo, na mwache amalize jibu.