Mpira Ulipoingia kwa Ngiri

Mimi ni golikipa wa Kidato cha Pili kwa sababu moja tu: golini hakuna mtu wa kuongea naye. Wenzangu wanakimbia wakiitana, mimi nasimama peke yangu kati ya mawe mawili na ninafurahi.

Jumamosi ya mechi yetu na Kidato cha Tatu, asubuhi tukifanya mazoezi, shuti lilinipita. Mpira ukadunda hadi barabara ya kuingia shuleni, ukatumbukia kwenye kalavati, lile bomba kubwa la kupitishia maji ya mvua. Mvua yenyewe hapa Garissa ni mgeni, kwa hiyo humo anakaa ngiri jike na watoto wake. Shule nzima ina mpira huo mmoja. Bila mpira hakuna mechi, na Kidato cha Tatu walikuwa wameshatangaza kwamba tutatafuta kisingizio cha kutocheza.

Tulichungulia. Meno mawili yaliyopinda yakatuchungulia pia.

"Abaayo, dada yangu, wewe ndiye uliyeuachia, ingia," nahodha wetu akaniambia.

"Akiingia, ngiri watamposa," mwingine akasema, wakacheka.

Mwalimu wa biolojia, mtu wa kutoka Meru, akapita na kikombe chake cha chai. "Kwetu huyo angeshaliwa zamani."

"Astaghfirullah, mwalimu," wakamjibu kwa pamoja, naye akaenda zake akicheka.

Lakini ndiyo sababu ngiri wa hapa wamenawiri. Porini kuna fisi na simba. Mjini kuna watu wasiokula nguruwe wa aina yoyote. Wamechagua majirani wasio na hamu nao.

Mimi niliwajua. Wakati wa mapumziko, wenzangu wakipiga stori, mimi hukaa karibu na ua nikiwatazama. Jioni watoto hutangulia kuingia, kisha mama huingia kinyumenyume, ili atakayemfuata akutane na meno. Akichimba mizizi hupiga magoti, na magotini ana sugu ngumu kama soli ya kandambili. Akikimbia, mkia husimama wima, watoto wasimpoteze nyasini.

Nilijua na jambo lingine, ila kulisema ni kuongea mbele ya timu nzima. Nikalisema nikitazama viatu vyangu.

"Mpishi akimwaga maji ya mchele, atatoka."

"Nani?"

"Mama. Anaenda kugaagaa kwenye tope nyuma ya jikoni. Watoto wanamfuata."

"Na wewe unajuaje ratiba yake?"

"Huwa namwona."

Tukangoja pembeni. Maji yalipomwagwa, pua ikatokeza, kisha mama mzima, kisha watoto, wakapita mbio kwa mstari, mikia juu. Nahodha akauvuta mpira kwa ufagio mrefu. Ulikuwa umelowa mate, na mtoto mmoja alikuwa ameshautafunatafuna.

Shangwe ikakatika. Kwetu kilichoguswa na mate ya ngiri huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna aliyesogea.

"Semeni tu mmeogopa," Kidato cha Tatu wakaanza.

Nikauchukua ule ufagio, nikauviringisha mpira hadi mferejini. Nikauosha kwanza kwa mchanga na maji, kisha kwa maji matupu, mikono yangu na ufagio pamoja. Maalim wa dini alisimama kando akihesabu.

"Saba," akasema. "Umetoharika. Chezeni."

Kidato cha Tatu wana mbio kutushinda. Tatizo lao likawa golikipa. Alimsikia maalim kama sisi sote, lakini moyo wake uliukataa ule mpira. Kila ukija, anaurudisha kwa goti au kwa kiwiko. Mimi niliudaka kifuani, nikaulalia, nikaukumbatia. Niliuosha mwenyewe, nina shaka gani? Karibu na mwisho, nahodha wetu akapiga shuti la uvivu ambalo hata ndugu yangu mdogo angelidaka. Golikipa wao akaficha mikono mgongoni, akatoa unyayo, mpira ukapita kando yake taratibu hadi golini.

Kidato cha Tatu wakaja juu. Si haki, mechi irudiwe siku mpira mpya ukinunuliwa.

"Muulizeni aliyeuosha," nahodha wetu akawaambia, akanisukuma mbele.

Wote wakanitazama.

"Ni moja bila," nikasema, na hata waliosimama nyuma kabisa walinisikia.